Shajara ya Mradi: Watoto Ambao Rejesta Haiwajui

Kabla ya kuanza

Kituo cha afya tunachoshirikiana nacho hakina takwimu mbaya. Grafu ya chanjo iliyobandikwa ukutani inapanda vizuri, na kuna miezi inavuka asilimia mia moja. Mradi huu ulianzia hapo, kwa sababu asilimia inayovuka mia haiwezi kuwa kweli. Hupatikana kwa kugawanya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaokadiriwa kuishi katika eneo, na makadirio hayo mara nyingi hutokana na sensa ya zamani. Watu wakihamia, vyumba vya kupanga vikiongezeka, makazi mapya yakichipuka pembezoni, kadirio hubaki palepale. Grafu inapanda huku kuna nyumba zenye watoto ambao hakuna muuguzi aliyewahi kuwaona. Asiyekuwapo na lake halipo.

Kazi tuliyojipa ni kuwatafuta watoto hao wa chini ya miaka mitano, kwa majina, nyumba kwa nyumba. Kipimo chetu cha kwanza ni dozi ya kwanza ya penta, ile inayotolewa mtoto akifikisha wiki 6 na kumkinga na dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto aliyeikosa dozi hiyo mara nyingi amekosa na mengine: hakupimwa uzito, mama yake hakuonwa baada ya kujifungua, hakuna aliyeuliza kama ananyonya vizuri. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanakadiria kuwa mwaka 2024 watoto milioni 14.3 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Wanaitwa watoto wa dozi sifuri. Mara nyingi huishi karibu karibu, familia jirani na familia, na ndiyo maana surua ikiingia hupata njia kwao kwanza.

Mwezi wa kwanza: ramani

Tumeanza na karatasi kubwa na penseli. Wahudumu wa afya ya jamii wamechora wenyewe maeneo yao: njia, visima, shule, nyumba za ibada, mabonde ambayo hayapitiki mvua ikinyesha. Kisha wametembea mpaka wa eneo kwa miguu, mwanzo hadi mwisho.

Mpaka ndio uliotufundisha zaidi. Kati ya kituo chetu na kituo jirani kuna mkanda wa nyumba ambazo kila upande huamini zinahudumiwa na upande wa pili. Kwenye ramani zote mbili mahali pale ni peupe. Tumekutana na wenzetu wa kituo jirani, tukalaza ramani mbili pamoja mezani, na pengo likaonekana bila mtu kuhitaji kulieleza. Hakuna aliyebishana. Tumeafikiana kwamba huduma ya mkoba ya eneo hilo, yaani wauguzi kuzipeleka chanjo hadi wanakoishi watu, itafanywa na vituo vyote viwili kwa pamoja, na kila mtoto ataandikwa kwenye rejesta moja tu, asije akahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Baada ya ramani, orodha. Hapa tumejifunza kuuliza watu ambao kwa kawaida hawaalikwi kwenye vikao vya afya. Mkunga wa jadi anajua nani amejifungua nyumbani. Mwenye nyumba anajua mpangaji yupi ana kichanga. Mwalimu wa chekechea anajua ni mtoto gani ana mdogo wake ambaye hajawahi kutolewa nje. Mwendesha pikipiki anajua makazi ambayo hayana jina. Wote tunawauliza swali moja: nani ana mtoto mdogo ambaye hatumwoni kliniki? Hatuulizi habari za maradhi ya mtu wala ndoa yake, na orodha inashikwa na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote. Watu wakianza kuona majina yao yanazungukazunguka mtaani, milango itafungwa, na watakuwa na haki ya kuifunga.

Waliojitokeza kwenye orodha ni watu wa hali tofauti sana. Kuna vibarua wanaohama kwa msimu. Kuna familia zinazofuata malisho au samaki. Kuna wasio na vitambulisho, wanaoogopa kuandikwa popote. Mama wadogo wa umri wa shule, ambao aibu huwafungia ndani kuliko umbali. Mfanyakazi wa ndani anayeishi na mwanawe kwa mwajiri na hana siku yake ya mapumziko. Wazazi wa watoto wenye ulemavu. Na baadhi, nasema hili kwa uzito, wanaishi mahali ambapo ukisimama mlangoni mwao unaliona paa la kituo.

Mwezi wa pili: kadi

Ziara za nyumbani zimeanza, na karibu kila jioni tunaporudi kuandika, neno linalojirudia ni kadi.

Kadi ya kliniki ni karatasi ndogo inayobeba mambo makubwa. Inaonyesha mtoto alizaliwa lini, kapata nini, anadaiwa nini. Lakini karatasi hulowa, huungua, huachwa kwenye nyumba mtu aliyotoka usiku baada ya ugomvi. Mama aliyepoteza kadi anajua atakachokutana nacho akienda kituoni: ataulizwa mbele ya foleni nzima kwa nini hakuitunza. Akishakaripiwa mara moja, miezi inapita. Miezi ikipita, anaogopa kukaripiwa kwa kuchelewa. Hofu inazaa hofu, na mtoto anafikisha miaka miwili bila dozi. Tumekutana na akina mama ambao hawana neno lolote dhidi ya chanjo. Wanachokwepa ni kelele za mtu mmoja mlangoni.

Kwa hiyo timu imekubaliana kwamba kadi haiulizwi kwanza. Mhudumu anabisha, anasalimu, anajitambulisha, anaomba kuketi. Anauliza mtoto anaendeleaje, amelalaje, ana shida gani. Anasikiliza mpaka mwisho. Kadi inakuja baadaye, na kama haipo, mpya inaandikwa palepale, bila hotuba. Muuguzi kiongozi wa kituo amelikubali hili na amelisimamia kwa watu wake, jambo ambalo limetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Tumetumia muda mrefu pia kuwafundisha wahudumu namna ya kumpanga mtoto aliyechelewa, kwa sababu imani kwamba muda umeshapita imewarudisha nyumbani watu wengi. Ukweli ni kwamba mfululizo wa chanjo uliokatika hauanzwi upya. Mtoto aliyepata penta ya kwanza akapotea mwaka mzima anaendelea na ya pili, kisha ya tatu, mradi kati ya dozi na dozi zipite angalau wiki 4. Chanjo zaidi ya moja anaweza kupewa siku hiyohiyo, kila moja mahali pake mwilini. Penta inaweza kutolewa hata kwa mtoto aliyevuka mwaka. Chanjo ya rota, inayozuia kuhara kukali, Shirika la Afya Duniani linaiweka mwisho wake kuwa miezi 24. Kama hakuna kumbukumbu kabisa, mtoto huhesabiwa kuwa hajachanjwa na anaanzishwa, kwani kurudia dozi hakumdhuru. BCG tu, yaani chanjo ya kifua kikuu, ndiyo ina utaratibu wake: kukosa kovu begani si sababu ya kuirudia kwa mtoto ambaye kumbukumbu zinaonyesha alishaipata.

Kikohozi kidogo, mafua, joto la mwili lililopanda kidogo, yote hayo hayazuii chanjo. Tumelirudia mara nyingi kwa sababu mama anayerudishwa kwa mafua ya mtoto huenda asirudi tena.

Mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka karibu miwili aliyepata dozi ya kwanza mahali pengine, kabla hawajahama. Alikuwa amejiandaa kujitetea. Muuguzi alimwambia, "Mama, hujachelewa. Leo tunaendelea pale mlipoishia." Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anaweza kumleta na mtoto wa jirani.

Mwisho wa mwezi wa pili: chupa ya dozi kumi

Nimeipa sehemu yake kwa sababu wengi walio nje ya kazi hii hawaijui, na inafunga mlango kwa familia zilezile tunazozitafuta.

Chanjo ya surua na rubela, pamoja na BCG, huja kama unga mkavu unaochanganywa na kimiminika chake maalumu. Haina kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Ikishachanganywa hutumika siku hiyo tu, na inatupwa baada ya saa 6 au kikao kinapokwisha, chochote kitakachotangulia. Hii ni tofauti na penta au polio ya matone, ambazo chupa iliyofunguliwa inaweza kuendelea kutumika hadi siku 28 ikitunzwa kwa masharti yake. Sasa chupa ya surua kwa kawaida ina dozi kumi. Akija mtoto mmoja, kuifungua ni kukubali kwamba tisa zinaweza kutupwa. Muuguzi anayepimwa kwa dozi zilizopotea atafanya nini? Atamwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi.

Anayeishi karibu atarudi. Aliyeomba ruhusa kwa mwajiri, aliyelipa nauli, aliyemwacha mtoto mwingine kwa jirani, hatarudi. Kanuni inayoonekana ya busara ghalani inamchuja yule ambaye tumeandika mradi mzima kwa ajili yake.

Msimamo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi: chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kuliko yote; mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuambukiza wengine 12 hadi 18, na ili jamii isimame imara inatakiwa asilimia 95 ya watoto wapate dozi mbili. Dozi tisa zilizotupwa zina gharama, na watu wa bohari wana haki ya kuuliza. Mlipuko mmoja nao una gharama, na wanaoulipa ni watoto.

Tumekaa na uongozi wa kituo na ofisi inayosimamia mgawo wa chanjo. Tumekubaliana mambo mawili: dozi zinazotupwa kwenye huduma ya mkoba ziandikwe kwa uwazi kwenye safu yake, zisichanganywe na zile zinazoharibika kwa uzembe, na maombi ya chanjo yaongezwe ili kuendana na hali hiyo. Muuguzi akijua hataadhibiwa kwa kumhudumia mtoto mmoja, atafungua chupa.

Kuhusu mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye ubaridi mpaka imfikie mtoto, maelezo mafupi kwa watakaofuata njia hii. Chanjo zinabaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi wanaogopa joto na kusahau baridi kali: penta ikiganda imeharibika, haifai hata ikiyeyuka. Pakiti za barafu zisiwekwe kwenye kisanduku zikiwa zimetoka moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha. Ziachwe nje mpaka zitoe jasho na usikie maji yakichezacheza ndani ukizitikisa. Na kabla ya kila dozi, macho kwenye alama ya joto iliyo kwenye chupa: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, chupa hiyo haitumiki.

Mwezi wa tatu: saa, na nani anaamua

Kliniki hufunguliwa asubuhi siku za kazi. Wengi kwenye orodha yetu wanafanya kazi asubuhi siku za kazi. Hakuna utafiti unaohitajika hapo. Tumehamishia baadhi ya vikao vya mkoba jioni na mwisho wa wiki, na mahudhurio ya wale waliokuwa hawaonekani yamebadilika mara moja. Kilichotuchukulia muda ni upande wa watumishi: muuguzi anayefanya kazi Jumapili anahitaji kupumzika siku nyingine, na anahitaji kufika kwake salama usiku. Hayo yameandikwa kwenye ratiba kama sehemu ya kazi, si fadhila.

Tulichokiona pia ni kwamba mara nyingi tumekuwa tukizungumza na mtu asiye na neno la mwisho. Mama anakubali, kisha anasema atauliza. Anamuuliza baba, au mama mkwe, au bibi anayelea watoto mchana kutwa. Sasa tunaomba mapema kuonana na wote.

Nyumba moja bibi alitupokea vizuri, tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatupa viti, akakataa. Muuguzi hakubishana, alimwomba aeleze. Bibi alisema, "Mjukuu wangu wa kwanza alichomwa sindano, usiku akawaka moto. Nilikesha naye. Hakuna aliyeniambia itakuwa hivyo. Nilijua mmeniulia mtoto."

Bibi alikuwa anasema kweli. Homa na uvimbe mahali palipochomwa hutokea kwa watoto wengi, hukaa siku moja au mbili, na kupita. Kumwambia mlezi jambo hilo kabla ya sindano hakumtishi. Kunamfanya asikeshe peke yake na hofu. Muuguzi alimweleza ni nini huenda kikatokea, afanye nini, na dalili zipi akiziona asisubiri asubuhi: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea hadi haamki vizuri. Akamwachia namba ya simu ya mhudumu wa mtaa, naye mhudumu akapita kesho yake asubuhi bila kuitwa. Wajukuu wawili wa bibi huyo sasa wako kwenye rejesta, na ni yeye anayewaeleza majirani kuhusu ile homa ya siku moja, kwa ufasaha kuliko kipeperushi chochote.

Kuna waliokataa na wanaendelea kukataa. Wengine wamesikia uvumi, wengine wamechoshwa na miradi inayokuja na kuondoka. Hatuwatishi, hatuwapeleki kwa viongozi, hatuwazuilii huduma nyingine. Tunaendelea kupita na kuwajulia hali watoto wao.

Mwezi wa nne: tusije na sindano tu

Familia ambayo mtoto wake ameharisha siku tatu haitaki kusikia habari za surua. Ukifika ukasema wewe umekuja kwa chanjo tu, wanajua papo hapo kwamba umekuja kwa hesabu zako. Mkoba wa mhudumu umepangwa upya kwa sababu hiyo.

Una chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki. Mhudumu anaichanganya mbele ya mama, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, na mama anaichanganya ya pili mwenyewe. Zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma, na jambo hilo husahaulika sana: mtoto akichangamka, dawa inaachwa.

Una utepe wa kupima mzingo wa mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuendelea juu ni kijani. Pamoja na utepe, mhudumu anabonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili, si kwenye nyayo, kwa sekunde 3. Alama ya shimo ikibaki miguu yote, mtoto huyo anaenda kituoni hata kama utepe umesoma kijani. Tumeanza kuwaachia akina mama utepe na kuwafundisha kupima wenyewe. Wanaweza, tena vizuri. Mama yuko na mtoto kila siku, sisi tuko naye kwa muda mfupi. Mtoto anayekonda ataonwa naye kabla yetu.

Na una saa yenye mshale wa sekunde au kifaa cha kuhesabia pumzi. Nimeona wahudumu wapya wakikadiria kwa macho, na ni hatari. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, hilo halisubiri.

Hapo tunagota kwenye rufaa, yaani kumpeleka mgonjwa kituoni. Kuandika karatasi ya rufaa ni rahisi. Familia inatazama karatasi na kujiuliza: nauli iko wapi, nani atabaki na wadogo wengine, tutalala wapi tukilazwa. Sasa mhudumu haondoki mpaka maswali hayo matatu yamepata majibu, na siku hiyohiyo anapiga simu kituoni kuuliza kama wamefika. Wasipofika, anarudi. Mchana mfumo huu unafanya kazi. Usiku ni habari nyingine.

Mwezi wa tano: mtoto wa chumba cha nyuma

Nyumba hii ilikuwa kwenye orodha kwa sababu mwalimu wa chekechea alisema mtoto anayemfundisha ana kaka ambaye hamtaji. Mlangoni mama alituambia hakuna mtoto mwingine. Mhudumu wa mtaa hakumshika uongo. Alipita tena kumjulia hali yule mdogo, akapita tena, na siku moja mama mwenyewe akasema, "Njoo ndani."

Mtoto ana mtindio wa ubongo, hawezi kukaa mwenyewe, na amekonda sana. Alipokuwa kichanga mama aliambiwa mahali fulani kwamba mtoto wa namna hiyo hachanjwi. Alilishika neno hilo, na akaona hakuna sababu ya kumpeleka popote tena. Hali ya aina hii ikiwa imetulia si kizuizi cha chanjo. Mtoto anayepata shida kumeza na kupumua ndiye anayeumizwa zaidi na kifaduro, nimonia na surua, kwa hiyo ndiye anayehitaji kinga mapema zaidi. Ameanzishwa chanjo nyumbani. Anapelekwa kwenye matibabu ya utapiamlo, na mtaalamu wa viungo anamfundisha mama namna ya kumkalisha anapomlisha ili asipaliwe.

Baada ya siku hiyo tumerudi kwenye orodha yote na kuuliza upya, kwa upole, kama kuna mtoto mwingine ndani. Wamepatikana. Ningependa kila anayepanga mradi kama huu aweke swali hilo tangu mwanzo: usiulize mama ana watoto wangapi wanaokwenda kliniki, uliza nani wote wanalala ndani ya nyumba hii.

Neno kuhusu wahudumu wa afya ya jamii, kwa sababu ziara zote hizi wamezifanya wao. Anayerudi mlango uleule mpaka afunguliwe anatumia muda, viatu na utulivu wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu hawa unataka walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa zao na mafunzo yao. Naona hakuna njia nyingine. Kuwasifu kwenye sherehe na kuwaacha bila posho ya uhakika ni kuijenga huduma ya watoto maskini zaidi juu ya mabega ya wanawake ambao nao ni maskini. Katika mradi huu posho yao iko kwenye bajeti ya msingi na inalipwa tarehe inayojulikana. Tunataka halmashauri iichukue kabla fedha zetu hazijaisha, na mazungumzo hayo yameanza sasa, si mwezi wa mwisho.

Mwezi wa sita: tunahesabu nini

Ripoti ya zamani iliuliza watu wangapi walihudhuria. Kikao kikijaa watoto ambao wangekuja kliniki hata bila sisi, ripoti ile ingeng'aa. Sasa tunafuata majina: nani alikuwa hana dozi hata moja na ameanza, nani ameanza na ametimiza, nani ameanza na amepotea. Pengo kati ya penta ya kwanza na ya tatu tunaliangalia kila mwezi. Likivuka asilimia 10, maana yake watu wanatufikia na hawapendi kurudi, na tunaenda kuwauliza kwa nini. Majibu kwa kawaida yanahusu foleni, saa, au lugha ya mtu fulani. Yote matatu yanarekebishika.

Familia zinazohama bado zinatupa shida. Tumewaandikia kadi mbili, moja ya mama na moja ya mtu wanayemwacha nyumbani, na wahudumu wa maeneo wanayokwenda wanapigiwa simu kabla familia haijaondoka. Wanaofuata msimu unaojulikana tunawapangia kikao kabla ya safari. Waliofukuzwa nyumba ghafla tunawapoteza, kisha tunawatafuta kupitia mwenye nyumba, majirani, shule.

Kazi za mwezi ujao zimepangwa hivi. Kila kichanga kitakachozaliwa kwenye eneo, awe amezaliwa kituoni au nyumbani, aonwe ndani ya saa 24, tena siku ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena akifikisha wiki 6, siku ambayo penta yake ya kwanza inatolewa. Wakunga wa jadi wamekubali kupiga simu usiku uleule. Watoto wanaotimiza miezi 9 wamechambuliwa kwenye rejesta kwa ajili ya surua, na waliokwisha timiza mwaka na nusu wanakaguliwa dozi ya pili. Kikao cha pamoja cha mpakani kimepata siku, Jumapili alasiri, iliyochaguliwa na wakazi wenyewe.

Usafiri wa rufaa ya usiku bado haujapatiwa jibu. Waendesha pikipiki watatu wamejitolea namba zao, lakini hawawezi kuendelea kujaza mafuta kwa mfuko wao, na mtoto wa degedege hatakiwi kubebwa kwa pikipiki kama kuna namna nyingine. Hoja iko mbele ya kamati ya afya ya eneo, pamoja na orodha ya nyumba zilizo mbali na barabara. Tumeomba uamuzi kabla mvua hazijakata njia ya bondeni.